Kepo, mpira wake na shingo ya gitaa

Upande wa nyuma wa shingo ya gitaa huuoni ukiwa unapiga. Unaujua kwa kidole gumba tu. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa na gitaa lenye mikwaruzo usoni miaka na miaka asijali, lakini kikitokea kibonyeo kidogo cha kepo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote kupandisha sauti, nyuma ya freti ya pili, yaani chuma cha pili kinachokatiza shingo, hana raha tena. Kila gumba likipita pale linashtuka, na akili inatoka kwenye wimbo.

Mimi ni fundi wa samani. Karakana yangu ipo Chang'ombe, hapa Dodoma, na kinachonilisha ni vitanda, makabati na milango ya mninga. Magitaa yalikuja kupitia kwaya. Watu wakishajua kwamba fundi fulani anapiga gitaa, basi kila lililobanduka daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi, na kila lililopasuka ubavu linapelekwa kwake. Sasa kona moja ya karakana nimeitenga kwa magitaa peke yake, nimeizungushia pazia zito ili vumbi la randa lisifike. Daraja lililobanduka ni gundi na klampu, kazi inakwisha. Shingo zilizoharibiwa na kepo ndizo zinazoniuma, kwa sababu karibu zote zingeweza kukingwa bila gharama yoyote, na wenye nazo wengi wanadhani tatizo ni kubana sana. Kubana kumo, lakini mara nyingi siyo kulikoleta alama ile. Kilicholeta ni aina ya mpira uliogusa shingo, na muda ulioachwa pale.

Tuanze na vanishi yenyewe, maana bila kujua shingo imepakwa nini huwezi kuikinga.

Kwa fundi wa mbao, vanishi ziko za namna mbili kubwa: zinazokauka kwa kukimbiwa na thina, na zinazokauka kwa kuungana na hadina, ile dawa ya kugandishia. Ya kwanza ni NC, ile klia, vanishi isiyo na rangi, tunayopulizia makabati baada ya kupaka sila ya kuziba matundu ya mbao na kupiga msasa. Jina lake refu ni nitroselulosi. Ukiipuliza, thina inapaa hewani, kinachobaki juu ya mbao ni utando mwembamba wa laka. Ndani yake hakuna kilichobadilika. Mwagia thina leo au baada ya miaka hamsini, italainika na kuyeyuka upya. Ya pili ni 2K, ambayo mafundi rangi wa magari wanaijua vizuri: klia kopo lake, hadina kopo lake, ukishachanganya huna muda wa kupoteza. Hii ikishakauka ni kama ugali, hauwi unga tena. Poliurethani na poliesta za viwandani ni za ukoo huo.

Magitaa mengi ya bei ya kawaida tunayoyaona mjini, yaliyotoka China au Indonesia, yamepakwa poliurethani au poliesta. Yanavumilia mengi. NC utaikuta kwenye magitaa ya zamani ya Marekani na kwenye mengi ya bei kubwa ya siku hizi. Gibson na Martin bado wanaitumia. Halafu kuna shelaki, utomvu wa mdudu anayefugwa sana India, unaoyeyushwa kwa spiriti na kupakwa kwa kitambaa, tabaka juu ya tabaka. Hiyo iko kwenye magitaa ya klasiki yaliyotengenezwa kwa mkono. Ni nyembamba na nzuri mno, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Jasho tu linaisumbua.

Napenda kuwaambia vijana wanaojifunza kwangu kwamba laka ya kwenye gitaa la thamani ni ndugu wa rangi ya gari. Mwaka 1923 kampuni ya Du Pont ya Marekani ilitoa laka yake ya nitroselulosi iitwayo Duco, na General Motors wakaipaka kwenye magari yao ya Oakland. Kabla ya hapo rangi ya gari ingeweza kuchukua wiki kadhaa kukauka. Viwanda vya ala za muziki vilivyokuwa vinahangaika na shelaki na vanishi ya mafuta vikaifuata laka hiyo ndani ya miaka hiyo hiyo ya 1920, kwa sababu ile ile: inakauka upesi, na kosa la kupuliza linarekebishika. Sifa hiyo ya kurekebishika ndiyo udhaifu wake pia. Kitu kinachoyeyuka kwa urahisi mikononi mwa fundi kinayeyuka kwa urahisi penginepo.

Kujua una ipi, fungua kigingi kimoja cha kukazia nyuzi kule kichwani. Chini ya washa yake, kile kipete cha chuma, kuna duara dogo la vanishi ambalo macho hayalioni. Chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti, kikamue mpaka kisidondoke, gusa hapo kidogo. Ikilainika ikanata, una shelaki, usiendelee. Isipolainika, chukua kijiti kingine na thina, gusa tena. Ikinata sasa, ni NC. Isipofanya chochote, ni 2K au ndugu zake, na unaweza kulala usingizi. Hilo lifanywe chini ya washa tu, siyo mahali pengine popote, na kama mkono wako unatetemeka mpe mwingine akufanyie.

Sasa mpira.

Kwa muda mrefu nilikuwa nasikia wapigaji wakisema kepo fulani "inakula" shingo na nyingine haili, nikataka kuona kwa macho. Nikachukua mabaki ya mninga, nikayapiga msasa, nikayapulizia NC kama ninavyopulizia shingo, nikayaacha mpaka harufu ya thina ikaisha kabisa. Mengine nikayapiga 2K. Kisha nikayabania vitu mbalimbali kwa klampu ndogo: kipande cha chubu ya baiskeli, kipande cha mpira wa levo, ule mwangavu ambao waashi wanaujaza maji, mpira mweusi niliouvua kwenye kepo ya bei rahisi, mpira wa silikoni wa kepo nyingine, ngozi laini, na kitambaa cha pamba. Nikaviweka kwenye rafu ya juu, karibu na bati, mwezi wa kumi, wakati Dodoma inachemka ikisubiri mvua. Vikakaa huko wiki kadhaa.

Nilipofungua, mpira wa levo ndio ulionisimamisha. Kile kipande hakikutaka kutoka. Nilikivuta kikatoka na sauti ya kitu kinachobanduka, na chini yake NC ilikuwa inang'aa kwa umajimaji. Nikaweka kidole gumba. Alama za kidole changu zikabaki pale, mistari yote, kama nimesaini. Pembeni kidogo, sentimita moja tu nje ya mpira, laka ilikuwa ngumu kama siku ya kwanza.

Sababu yake ni hii. Mpira wa levo ni plastiki ya PVC, na PVC kwa asili ni ngumu, kama bomba la maji. Ili iwe laini na kupindika wanaichanganya na mafuta maalumu ya kulainisha, na mafuta hayo hayakai mahali pamoja. Yanatembea polepole kutoka kwenye plastiki kwenda kwenye chochote kinachoyapokea, na NC inayapokea kwa mikono miwili. Joto linayaharakisha, mgandamizo unayasukuma. Kwa hiyo hata usipobana sana, ukiacha plastiki laini imelalia shingo ya NC, umeipa laka dawa ya kulainika.

Chubu ya baiskeli haikulainisha kiasi hicho, ila iliacha kivuli cha kahawia ambacho hakikufutika kwa sabuni wala kwa kung'arisha. Mpira mweusi huwekewa kemikali za kuuzuia usipasuke kwa jua na hewa, na kemikali hizo zinahama na kuchafua. Nilikuta kivuli hicho hicho, chepesi zaidi, hata kwenye kibao cha 2K. Mpira wa ile kepo ya bei rahisi ulifubaza mng'ao na kuacha mnato kidogo. Silikoni iliacha alama ya kubanwa tu, hafifu, ya kuitafuta kwa kuinamisha kibao kwenye mwanga. Ngozi ilichapa mistari yake, hasa pale joto lilipozidi. Kitambaa cha pamba nacho kilichapa nyuzi zake.

Siwezi kuzungumzia chubu bila kuitaja kepo ya penseli. Wengi wetu mikoa hii tulijifunza nayo: penseli moja juu ya nyuzi, ukanda wa chubu unazungushwa nyuma ya shingo na kukazwa. Inafanya kazi, na imefundisha watu wengi kuimba na gitaa bila kuwa na hela ya kepo ya duka. Naiheshimu. Gitaa likiwa la 2K, itumie na uifungue ukimaliza. Likiwa la NC au shelaki, isilisogelee.

Na maelezo yote haya ya plastiki siyo ya kepo peke yake. Mkanda wa gitaa wa plastiki uliokunjwa ndani ya begi ukalalia shingo, waya wa kuchomekea spika uliozungushwa na kutupiwa humo humo, stendi yenye sponji lililopakwa mpira, vyote vinafanya kazi ile ile usiku kucha wakati mwenye gitaa amelala. Niliwahi kuletewa shingo yenye alama za duara zinazofuatana, mwenyewe akiapa hajawahi kumiliki kepo. Zilikuwa ni alama za waya. Tuliuweka juu yake ukalingana.

Adui wa pili ni wa kwetu zaidi. Dodoma ipo mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua inanyesha kuanzia Desemba mpaka karibu Aprili, na kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 600. Miezi inayobaki ni upepo na vumbi. Milima inayotuzunguka ni ya mawe ya granaiti, na mchanga unaotoka kwenye mawe hayo una chembe ngumu kuliko vanishi yoyote iliyowahi kutengenezwa. Chembe zile zinakaa kwenye mpira wa kepo, kwa sababu mpira unazishika. Ukiibana kepo zinasukumwa kwenye laka. Ukiisogeza kutoka freti ya pili kwenda ya nne bila kuifungua, umepiga msasa.

Halafu tuna mafuta ya mgando. Kiangazi cha huku kinapasua midomo na kukausha viganja, na asubuhi hakuna anayetoka nyumbani hajapaka. Silaumu, napaka pia. Lakini mafuta yale yakikutana na vumbi shingoni yanatengeneza uji wa kijivu unaokaa hasa pale kepo inapokaa, kwa sababu hapo mkono haupiti kuufuta. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mafuta ya mgando yanaharibu mpira wa asili. Yanauvimbisha, yanaufanya kuwa laini na wa kunata. Kepo iliyokuwa salama mwaka jana inakuwa kepo mbaya mwaka huu kwa sababu ya mikono iliyoishika. Ukiibonyeza kwa ukucha ukaona inabaki na shimo, au ukiinusa ukasikia harufu kali ya mpira uliooza, uvue mpira ule uutupe. Wapo watengenezaji wanaouza mpira wa akiba peke yake. Shubb ni mmoja wao, na kwa mtu mwenye gitaa la thamani hiyo ni hela ndogo.

Tangu ilipokuja korona mwaka 2020 watu wamezoea vitakasa mikono. Vile ni spiriti. Ukipaka kisha ukashika shingo ya shelaki kabla mikono haijakauka, unaivua vanishi kwa vidole. NC inavumilia zaidi kidogo, siyo sana. Na dawa ya kupaka ya kufukuza mbu, kama kwenye chupa yake imeandikwa DEET, inayeyusha plastiki na vanishi za namna nyingi. Mkesha wa kwaya, jioni, mbu wanauma, mtu anapaka mikono yote miwili na kuchukua gitaa. Osheni mikono kwa maji na sabuni, mkauke, ndipo mshike gitaa. Dawa ya mbu ipakeni miguuni, na migongo ya mikono mtu mwingine awapake, viganja viachwe.

Nikirudi kwenye kubana, kuna tofauti kubwa kati ya kepo ya springi na ya skrubu. Ya springi, mfano wa Kyser, nguvu yake imepangwa kiwandani, na shingo ikiwa nene springi inafunguka zaidi na kubana zaidi. Ni ya haraka, ibadani inafaa sana pale mchungaji anapoanzisha wimbo bila taarifa. Ya skrubu au ya wenzo wenye skrubu unaamua wewe. Mimi kwa shingo ya NC nachagua ya skrubu bila kusita. Iweke karibu kabisa na freti, upande wa kichwani, ilegeze, piga uzi mmoja mmoja huku ukikaza taratibu. Uzi wa mwisho ukiacha kukwaruza, ongeza kidogo sana na uache. Ukiiweka katikati ya freti mbili utalazimika kuikaza zaidi, na nyuzi zitavutika na kupanda sauti.

Angalia pia mpira wa mbele, ule unaolalia nyuzi. Ukitumika muda mrefu unachimbika mifereji sita. Mifereji ikishakuwa mirefu nyuzi zinazama humo zinakwaruza, na mpigaji anachofanya ni kukaza zaidi. Kwa hiyo mpira wa mbele uliochoka unaharibu shingo kwa nyuma. Nimeona hili mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na dawa yake ni kugeuza au kubadilisha mpira, siyo kukaza.

Mwalimu mmoja wa kwaya, mzee wangu kwa umri, aliniletea gitaa lake la NC ambalo alipewa zawadi na wageni waliokuwa wanaondoka nchini. Nyuma ya freti ya tatu kulikuwa na ukanda uliofubaa upana wa kidole, na katikati yake bonde.

"Shikamoo, mwalimu. Hii kepo inakaa hapa muda gani?"

"Marahaba, fundi. Inakaa tu. Sauti za akina mama wangu zinapendeza kwenye E flati, na mimi napiga vidole vya C. Kwa nini niitoe?"

Yaani toka mazoezi ya Jumatano mpaka ibada ya Jumapili, kepo iko freti ya tatu, ndani ya begi, na begi juu ya kabati chini ya bati. Nikamwambia iondoke kila akimaliza, na hata katikati ya mazoezi kama chai imekuwa ndefu. Akafikiri, akasema jambo ambalo lilinifundisha mimi pia kusikiliza kabla ya kutoa maagizo.

"Nikiitoa, fundi, nikiirudisha gitaa linakuwa limetoka tyuni. Kwaya inanisubiri, watoto wanaanza kelele. Nikiiacha, nalikuta sawa."

Alikuwa na haki. Watu hawaachi kepo kwa uvivu, wanaiacha kwa sababu inawaokoa. Tulichokifanya ni kutafuta chanzo cha kutoka tyuni. Kepo yake ya springi ilikuwa inavuta nyuzi nene kwenda juu, na mifereji ya pale juu nyuzi zinapopita kwenda kichwani ilikuwa inabana uzi wa tatu. Nikaisafisha kwa faili jembamba, nikaipaka unga wa risasi ya penseli, akanunua kepo ya skrubu. Sasa anaiweka, anavuta kila uzi kidogo kwa kidole ukae vizuri, anasikiliza, anaanza. Hakuna kelele za watoto tena.

Joto nalo lina sehemu yake. Mchana wa Novemba ndani ya gari lililoegeshwa juani, hata NC isiyoguswa na kemikali yoyote inalegea kiasi cha kupokea umbo la chochote kinachoigandamiza. Usiweke gitaa garini likiwa na kepo. Kwa kweli usiliache garini kabisa. Na ukisafiri na basi, kepo iwe mfukoni mwako, siyo imebanwa kichwani mwa gitaa kama wengi wanavyopenda. Kichwa nacho kina vanishi, na nembo juu yake. Mimi yangu inakaa kwenye kifuko cha pamba kilichooshwa, na jukwaani naibana kwenye stendi ya maikrofoni.

Je, kuweka kitambaa kati ya kepo na shingo kunasaidia? Kwa kemikali, ndiyo, kidogo. Kwa vumbi, kinaweza kudhuru, kwa sababu kitambaa kinalihifadhi. Kikiwa kinene unalazimika kukaza zaidi. Kama gitaa ni la shelaki na huna kepo yenye silikoni, tumia kipande chembamba cha pamba nyeupe, kilichooshwa mara nyingi, kisicho na rangi, na kioshwe kila wiki. Kanga mpya usithubutu, inatoa rangi. Ngozi siipendi tena baada ya vile vibao.

Wapo wanaoniuliza kwa nini tusikwangue vanishi yote shingoni tubaki na mbao tupu, kama zeze. Ukienda Chamwino ukashika zeze la mzee, lile la kibuyu na ngozi, shika mpini wake: hakuna vanishi, kuna mikono tu, na mbao imekuwa nyeusi na laini mno. Ni kweli, na ni raha kuushika. Lakini nyuzi sita za chuma kwenye gitaa zinavuta shingo kwa zaidi ya kilo 70, na hali ya hewa yetu inatoka ukavu wa Oktoba kuingia unyevu wa Januari. Vanishi inapunguza kasi ya mbao kunywa na kutoa unyevu. Ukiivua yote bila kupaka mafuta ya mbao yanayokauka, shingo inaanza kutembea. Kuna shingo za kiwandani zilizopakwa vanishi ya satini, isiyong'aa, na zenyewe zinaathirika kivingine: kepo inazisugua mpaka panakuwa na ukanda unaong'aa. Hapo ni sura tu, gumba halisikii kitu. Ziache.

Kama alama imeshatokea, usiguse thina. Hilo ndilo la kwanza. Shingo inayonata kwa uchafu ifute kwa kitambaa kilicholowa maji kidogo sana na tone la sabuni, ukaushe hapo hapo. Uchafu wa mpira usiotoka kwa sabuni unatoka kwa petroli ile nyepesi ya kujazia viberiti, kwenye kitambaa, nje penye hewa, mbali na moto; hiyo haiyeyushi NC. Kama laka yenyewe ndiyo imelainika kidogo, liache gitaa bila kepo, kwenye hewa, usiliguse pale kwa wiki kadhaa. Mara nyingine inarudi kuwa ngumu. Iliyonywa mafuta ya plastiki sana hairudi. Hapo ni kuivua sehemu ile na kupuliza upya.

Kibonyeo kwenye NC najaza kwa matone ya laka, tone baada ya tone, siku baada ya siku, nasubiri mpaka ikauke hadi chini, halafu nashusha kwa msasa wa maji wa 1500, kisha 2000, nang'arisha. Tone jipya linayeyusha la zamani na kuungana nalo, ndiyo raha ya NC. Kwenye 2K haliungani, kwa hiyo natumia supagluu, ikikauka nakwangua kwa wembe na kumalizia kwa msasa ule ule. Ukitazama vizuri utaona mpaka, ila gumba halitaujua.

Gitaa la zamani la thamani, Martin au Gibson ya miaka mingi, silipulizii upya hata mwenyewe akiniomba. Bei yake inashuka sana ikishapakwa upya, kuliko ikiwa na alama za kepo za miaka yote iliyopigwa. Nasafisha, nashauri kepo, narudisha.

Kwa wanaotaka kuja karakana: legezeni nyuzi kwa nusu mzunguko wa kigingi, msizitoe kabisa, fungeni gitaa kwa shuka safi la pamba na siyo nailoni. Na mkiniletea shingo yenye alama, leteni na kepo yake, na mkanda, na waya, na chochote kinachokaa humo begini. Nataka kuviona vyote kabla sijagusa shingo.